Kochi la Wanzala

Kitu cha kwanza ambacho Aketch Osewe angekwambia kuhusu kazi yake ni choo. Si kompyuta, si lile jengo la vioo, si jina la kampuni ambalo watu hulitaja kwa sauti ya kanisani. Choo. Kina mlango unaofunga kwa ndani, maji yanatoka saa zote, na karatasi hakuna mtu anayekupimia dirishani. Wewe uliyezaliwa ukakuta choo ndani ya nyumba, cheka tu. Aketch alikulia Soweto West, Kibera, ambako choo unakilipia, unapanga foleni, na aliye mbele yako ameingia na gazeti. Wiki ya kwanza kazini alikuwa anaenda hata kama hana haja. Anaketi tu, anasikiliza kimya.

Cha pili ni kadi ya hospitali. Mama yake, Risper, ana ugonjwa wa sukari, na kadi ile ilimtoa kwenye benchi la kungoja tangu alfajiri ikampeleka kwa daktari anayemjua kwa jina. Cha tatu ni chakula cha mchana: chapo na ndengu, na kuku siku ya Ijumaa. Cha nne hakuwa akikitangaza, lakini mimi nitakitangaza kwa niaba yake: Aketch alikuwa hodari. Kazi yake ilikuwa kutazama video ambazo watu wamezilalamikia kwenye mtandao wa kampuni, kisha kuamua kwa kitabu cha sheria: acha, au ondoa. Kila video ilipitia kwa watu watatu wasiojua nani mwingine ameipata, na wawili wakikubaliana, imekwisha. Ikitokea video ya Kibera ambayo watu hawana uhakika nayo, ilitumwa kwake moja kwa moja, kwa sababu alijua kila kichochoro. Mtu anadai ni mafuriko ya Kibera, Aketch anatazama ukuta mmoja tu anasema, "Wapi! Hapa hata si Kenya."

Sasa usidhani nawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa na mengi ya kusema. Choo hicho hicho nilichokisifu kilikuwa na saa. Ukiinuka kitini unabonyeza kitufe, kompyuta inaanza kuhesabu, na zikipita dakika saba jina lako linakuwa jekundu mbele ya Irungu, msimamizi. Mtu mzima na heshima zake anaulizwa tumbo lake lina nini! Halafu kulikuwa na karatasi ya siri, kwamba usimwambie mtu yeyote ulichokiona. Na aliyoyaona, Mungu wangu, wewe usiyaone. Anarudi nyumbani Kawangware, mama anamuuliza, "Siku ilikuwaje?" naye anajibu, "Poa tu," kisha anashindwa kula nyama.

Na mkataba. Miezi mitatu, halafu mitatu mingine, kama kibarua cha mjengo. Kila unapokaribia kwisha, watu sitini wa chumba kile wanakuwa wapole ghafla, wanacheka vichekesho vya Irungu ambavyo havichekeshi hata kidogo.

Ulikuwa mkataba wake wa tisa, umebakisha mwezi mmoja, Irungu alipomwita.

"Aketch, sasa. Makao makuu wanataka video ya wafanyakazi. Unasema unachopenda kazini na usichopenda, ukweli mtupu. Nimepeana jina lako."

"Mbona mimi?"

"Si wewe ni wa Kibera?"

"Nilikuwa. Nilihama miaka miwili imepita. Niko Kawangware, hapo stegi ya 56, na mathe wangu."

Irungu alijikuna kisogo. "Lakini Kawangware haijulikani huko ng'ambo."

Ebu niambie. Mji mzima wa watu unaamka, unauza, unazaa, unazika, halafu haujulikani! Aketch alitaka kumwambia hivyo. Lakini Irungu aliongeza, kama mtu anayeuliza saa, "Kwani mkataba wako unaisha lini vile?"

Aketch alifikiria kadi ya mama. Akasema sawa.

Nyumba yao ya zamani ya Soweto West walikuwa wameichukua majirani wa ukuta mmoja, Wanzala na mkewe Nasipwondi, watu wa Busia. Walimwomba mwenye ploti, wakabomoa ukuta wa katikati, wakapata sebule ya maana. Wanzala ni fundi wa makochi. Karakana yake iko kando ya barabara, lakini kochi lake bora kuliko yote liko nyumbani: refu, la rangi ya damu ya mzee, mikono yake minene, na juu yake vitambaa ambavyo Nasipwondi alivifuma mwenyewe kwa mkono. Na lile si kochi la kukalia tu. Mteja akisitasita, Wanzala hamwonyeshi picha kwenye simu kama mafundi wengine. Anamleta nyumbani, anamwambia, "Keti kwanza. Tutaongea ukishaketi." Nasipwondi analeta chai. Hakuna aliyewahi kuinuka pale bila kuagiza.

Aketch alimpigia simu Nasipwondi. "Ni watu wangu wa kazini. Wanataka kupiga picha pale nilipokulia, basi. Ni watu wazuri."

"Kama ni wewe unasema, walete," alisema Nasipwondi, na siku hiyo alifua vitambaa vyote.

Walikuja saa nne asubuhi. Aliyewaongoza alikuwa Jeremy, kijana wa matangazo, mwenye kofia na maneno laini. Alisimama mlangoni akatazama kochi, akatazama televisheni kubwa ukutani, akatazama friji, na uso wake ukaanguka kama wa mtu aliyepotea njia.

"Tunaweza kutoa vitu vichache?" aliuliza. "Ni kwa ajili ya mwangaza."

Mwangaza! Wakatoa friji. Wakashusha televisheni. Wakabeba kochi la Wanzala, watu wanne, wakalitua nje kwenye kichochoro, karibu na mtaro. Vitambaa vikarushwa juu yake kama nguo chafu. Kisha mmoja wao akatoa taa ya koroboi kwenye mfuko. Nisikilize vizuri: walikuja nayo kutoka mjini! Wakaiwasha saa tano mchana, na balbu ya stima ikiwaka juu yake, mpaka Jeremy alipokumbuka kuizima balbu.

Na hapa ndipo ninapomkasirikia Aketch. Aliyaona yote. Kazi yake ilikuwa kuona mambo ya namna hiyo, na alikuwa mkali kuliko wote. Lakini alikaa kwenye mtungi wa maji uliopinduliwa, akapakwa poda, akanyamaza.

Nje, Nasipwondi aliketi kwenye kochi lake ili lisiibiwe. Wapita njia wakaanza, wakimwita kwa jina la bintiye. "Woi, Mama Rachael! Mmefungiwa nyumba?" "Pole, mama. Kodi ya miezi mingapi?" Mwingine akakimbia karakana kumwambia Wanzala kwamba vyombo vyake vimetupwa nje. Mzee wa watu alikuja mbio, nyundo mkononi, misumari bado iko mdomoni. Alipoambiwa ni video ya Aketch, aliitema misumari kiganjani, akacheka kidogo kwa heshima, akaketi pembeni mwa mkewe. Wakangoja hapo wawili, nje ya mlango wao wenyewe, mpaka saa nane.

Ndani, Jeremy aliuliza, "Unapenda nini, na hupendi nini?" Aketch akasema yote. Choo na saa ya choo. Kadi ya mama na mkataba wa miezi mitatu. Chapo, na nyama iliyomshinda kula. Jeremy alipiga makofi. "Safi sana. Hiyo ni dhahabu."

Wiki mbili baadaye video ilitoka kwenye mtandao wa kampuni. Dakika mbili, na muziki wa huzuni. Koroboi inawaka. Aketch anasema anapenda choo, anapenda chapo, anaishukuru kampuni. Yale mengine yote yalikuwa yamekatwa. Na chini, kwa herufi nyeupe: *Aketch anaishi hapa na mama yake. Ndani hakuna hata kiti. Lakini ana ndoto.*

Soweto West ililipuka. Kila mtu aliijua ile nyumba. Dirisha lake la buluu halifanani na lingine. Watu wakaijaza video malalamiko. Wengine wakacheka, na kicheko kikaenda kumkuta Wanzala karakana. "Fundi, kumbe kwako hamna hata kiti!" "Fundi wa makochi analala chini!" Mama mmoja wa zile ghorofa za Soweto East, aliyekuwa ameagiza seti nzima, alituma ujumbe kwamba amepata fundi mwingine. Sijui kama ni kweli alipata. Ninachojua ni kwamba hakuja.

Nasipwondi alimpigia Aketch simu. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Aketch. Nilifua vitambaa kwa ajili yako."

Akakata.

Jioni hiyo mama yake aliishika simu mbali na macho, miwani puani, akaitazama video mpaka mwisho.

"Hii si nyumba ya Wanzala? Kochi liko wapi?"

"Lilitolewa nje, mama."

"Nani alilitoa?"

"Watu wa kampuni."

"Na wewe ulikuwa wapi, nyathina, mwanangu?"

Mama alimrudishia simu na kwenda kuinjika maji ya ugali.

Jumatatu, saa nne kasorobo, Aketch alibonyeza kitufe cha kuita video inayofuata, na uso wake mwenyewe ukatokea kwenye skrini. Malalamiko mia mbili na kumi. *Mtaa: Kibera. Imetumwa kwa mjuzi wa mtaa.*

Muia, aliyekaa meza ya kando, mtu wa Machakos mwenye maneno machache, aliinamisha shingo akaona.

"Manze," alinong'ona. "Hiyo ipitishe."

Na ingekuwa rahisi. Kuna kitufe cha kupitisha. Ungekibonyeza, video ingeenda kwa mtu mwingine, mkataba ungetiwa sahihi Ijumaa, na mama angeendelea kumwona daktari wake. Lakini Aketch alijua itakuwaje. Mwingine angeona koroboi, angeona mabati, angesema ndiyo, Kibera ni hivyo. Nani angemwambia kwamba kochi lilikuwa nje?

Akafungua kitabu cha sheria. Sheria ya kumi na moja, alikuwa ameitumia labda mara elfu: *Video iliyopangwa na kuonyeshwa kama maisha halisi ya mtu, ikawavunjia watu heshima: ondoa.* Haikusema *isipokuwa yetu*.

Irungu alikuwa ameshaona jina la video kwenye skrini yake. Alikuja nusu mbio. "Aketch, wee! Hiyo usiguse. Wewe mwenyewe uko ndani!"

"Kitabu kinasema nikimjua mtu aliye kwenye video, nimpe mwenzangu anayeujua mtaa. Sawa. Nani mwingine hapa anaijua Soweto West?"

Hakuna aliyeinua mkono. Watu walitazama vibodi vyao. Aketch alipiga moyo konde, akaandika kwenye kisanduku cha sababu, polepole, Irungu akiwa amesimama nyuma yake: *Huyu haishi hapa. Anaishi Kawangware. Nyumba ina stima. Televisheni, friji na kochi vilitolewa nje ili ionekane tupu. Shahidi ni mimi.*

Akabonyeza ondoa.

Kura moja. Ilibaki moja ya kuikamilisha, na kompyuta haimuulizi msimamizi impe nani. Baada ya dakika chache Muia aliguna. Video ilikuwa imemtua yeye. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa hiyo hiyo, na mkewe alikuwa karibu kujifungua. Aliitazama yote, dakika mbili kamili, hata pale ambapo wengine huruka. Kisha akamgeukia Aketch.

"Hilo kochi, lilikuwa zuri?"

"Muia, kochi la rangi ya damu ya mzee. Mikono hivi!"

Muia akabonyeza. Video ikatoweka dunia nzima, ng'ambo na bara.

Kabla ya chakula cha mchana Aketch alikuwa ghorofa ya juu mbele ya Kagiri, mkuu wa wafanyakazi. Kagiri alimpa maji, akamwita dada, akasukuma karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa mkataba mpya. Si wa miezi mitatu. Wa mwaka mzima, na jina la mama kwenye kadi.

"Ya pili ni mistari miwili tu," alisema. "Unasema ulibonyeza kimakosa. Tukiwa nayo hiyo, tunairudisha video. Hakuna atakayeumia."

Nisikudanganye, Aketch aliichukua kalamu. Aliliona jina la mama, Risper, limeandikwa vizuri bila kosa. Mwaka mzima! Hajawahi kuuona mwaka mzima ukikaa kwenye karatasi moja.

"Nilivunja sheria gani?" aliuliza.

"Dada, hili si suala la sheria."

"Basi andika hivyo. Andika kwamba kwa kampuni yenyewe si suala la sheria, utie sahihi. Nami nitatia yangu."

Kagiri alitazama karatasi, akatazama mlango. Hakuandika. "Kwa hivyo utamwaga unga kwa sababu ya kochi?"

"Ni kochi la watu," alisema Aketch. "Na waliketi nje kwa ajili yangu."

Kalamu aliirudisha mezani. Mkataba ukarudi kwenye faili, na badala yake akapewa fomu ya wanaoondoka. Ilikuwa na maswali mawili, yale yale ya Jeremy. Ulipenda nini? Akaandika: *Choo. Kadi ya mama. Chapo. Muia. Sheria ya kumi na moja.* Hukupenda nini? Alifikiria saa ya choo, karatasi ya siri, vichekesho vya Irungu. Nafasi ilikuwa ndogo. Akaandika: *Mnadhani sheria ya kumi na moja ni ya watu wengine.*

Alifika Kawangware saa nane mchana, na mama akajua mara moja, kwa sababu hakuna siku Aketch alirudi saa nane.

"Wamekupiga kalamu."

"Ndiyo, mama. Na kadi itakufa mwisho wa mwezi."

Risper alikuwa anapepeta mchele; akaendelea kupepeta mpaka akamaliza. Sitakwambia kwamba hakuogopa. Aliogopa.

"Video iko wapi?"

"Niliiondoa."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Sawa," alisema mama, akifunga leso. "Sukari nilikuwa nayo kabla ya kadi, na bado nilikuwa nakuchapa. Vaa viatu. Tunaenda kwa Wanzala leo, hili haliwezi kungoja Jumapili."

Walipita dukani wakanunua unga, majani ya chai, na pakiti ya sukari ambayo Risper mwenyewe hawezi kuionja. Hivyo ndivyo mtu anavyokwenda kuomba radhi. Haendi mikono mitupu akitikisa mdomo.

Nasipwondi alikuwa mlangoni. Aliwatazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Mmekuja kutoa nini leo?"

Aketch alijibu, "Hatutoi kitu. Nimekuja kuomba msamaha. Niliona wakibeba kochi, nikanyamaza. Nilijua ni vibaya, na nikanyamaza kwa sababu ya mkataba."

Wanzala alijitokeza nyuma ya mkewe, futi ya kupimia imening'inia shingoni. "Tumesikia video imetolewa, haipo tena mtandaoni. Nani aliitoa?"

"Ni mimi, Baba Rachael."

"Na kazi?"

"Nayo imetoka."

Nasipwondi akaupokea mfuko kutoka kwa Risper, akampisha mama aingie kwanza, akamgeukia Aketch.

"Wewe, ingia. Keti pale walipokuwekea mtungi."

Pale palikuwa na kochi. Aketch aliketi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu mgongo wake ulilegea. Alilia, ndiyo, alilia waziwazi, na Nasipwondi akamwacha alie, akaenda kuweka chai jikoni.

Aliporudi na vikombe alisema, "Toa simu. Si unajua kupiga picha?"

"Ya nini?"

"Toa simu!"

Akanyoosha vitambaa, kimoja kimoja, mpaka ncha zikalingana. Akawasha taa zote mbili. Wanzala akawasha televisheni, akasimama kando ya mlango akielekeza kwa futi yake. "Rudi nyuma. Rudi tena. Friji iingie yote. Na dirisha, wajue ni hapa."

Aketch alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaipiga. Risper na Nasipwondi kwenye kochi, vikombe mkononi, hakuna aliyetabasamu kwa kuambiwa. Aliituma kwenye mtandao ule ule wa kampuni ile ile, na chini yake akaandika: *Kwa Wanzala na Nasipwondi, Soweto West, leo saa kumi na moja. Hakuna kilichotolewa nje.*